Dakika Tatu za Bombani

Bweni la wasichana, chumba namba 14
3 Februari

Mjomba wangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima, na lile sikio lako moja zuri bado ni zuri. Nimeamua kuandika kwa sababu mara ya mwisho nilipokupigia simu nilikuuliza habari za mama ukanijibu kwamba saruji imeshafika. Halafu ukapaza sauti ili mimi nisikie vizuri, na bweni zima likajua habari za saruji.

Nina ombi. Muhula huu nasoma somo la kubuni mifumo iliyopachikwa. Usitishike na jina. Ni zile kompyuta ndogo kama ukucha zinazofichwa ndani ya vitu: ndani ya lifti, ndani ya mashine ya kufulia, ndani ya mizani ya dukani. Mtu hajui kama zimo mpaka siku ziharibike. Kila mwanafunzi anatakiwa abuni mashine moja, aikabidhi kwa mtu ambaye si fundi, na mashine ifanye kazi siku thelathini za kazi bila mbunifu kuwepo. Kila inachofanya inajiandikia yenyewe kwenye kadi ndogo ya kumbukumbu. Mwishoni fomu inajazwa na kusainiwa.

Wenzangu wamekimbilia hospitali na viwandani. Mimi nimekufikiria wewe. Umeipiga kengele ya shule yenu kwa mkono miaka ishirini na tisa, nyundo juu ya rimu ya lori, mara kumi na moja kwa siku, na ndiyo iliyokula sikio lako. Nimetengeneza mashine itakayoipiga badala yako. Ina saa, ina mota, ina nyundo yake. Kazi yako ni kuchomoa kadi kila wiki, kuitia kwenye bahasha na kunitumia, nami nitakuwa nakurudishia nyingine.

Ni somo la kawaida tu, wala usiwe na wasiwasi. Kisanduku kitafika kwa basi la Jumamosi.

Mpwa wako,
Bisibisi


Stoo ya shule
10 Februari

Bisibisi,

Marahaba. Kisanduku kimefika salama na leo kimeanza kazi.

Nikiri kwamba nilikifungua kwa hofu. Hilo jina nilikupa mimi, na sababu yake siisahau: ulikuwa na miaka saba ulipoifungua redio yangu, ukairudishia, na skrubu nne zikabaki mezani. Redio iliimba, lakini mpaka leo inajua kituo kimoja tu. Kwa hiyo skrubu za kisanduku chako nimezihesabu kabla na baada. Zimetimia. Umekua.

Mwalimu mkuu kafurahi hadi kupitiliza. Kawatoa watoto wote uwanjani, katoa hotuba ya maendeleo, na hotuba ikanoga mpaka mashine ikampigia kengele katikati ya sentensi. Watoto walivunjika mbavu. Yeye kaona kapigiwa saluti, akashukuru na kuteremka.

Mimi sasa mkono wangu wa kulia unanishangaa. Ikikaribia saa moja na nusu asubuhi unainuka wenyewe, naurudisha mfukoni. Nimebaki kupanga chaki kwa rangi, kazi ambayo hakuna aliyewahi kuitaka ifanywe.

Swali dogo, la udadisi tu. Vile vitufe viwili vya pembeni, cha kushoto na cha kulia, vinafanya nini hasa? Mtu anaweza kuniuliza nikaonekana mjinga.

Mjomba wako


Bweni, chumba namba 14
15 Februari

Mjomba,

Umenichekesha na hotuba hiyo, nimewasomea wenzangu wote wa maabara.

Vitufe hivyo ni vya kurekebishia saa. Cha kushoto kinairudisha nyuma dakika moja, cha kulia kinaisogeza mbele dakika moja. Niliviweka kwa ajili yangu wakati wa kuijaribu. Wewe usiviguse kabisa, labda umeme ukatike kutwa nzima, na hata hapo niandikie kwanza. Mtu akikuuliza mwambie ni vya fundi.

Tuma kadi ya kwanza. Nina hamu nayo mpaka silali vizuri.

Bisibisi


Stoo ya shule
21 Februari

Bisibisi,

Hii hapa kadi, nimeifunga kwenye karatasi ya daftari isikwaruzike. Nyingine uliyonitumia nimeshaichomeka, na mashine ikawasha taa ya kijani kama ulivyosema.

Kila kitu kinakwenda sawasawa. Kengele inalia, watoto wanaingia, watoto wanatoka. Vitufe sijavigusa. Wala kisanduku chenyewe sijakigusa, hata kwa kitambaa cha vumbi.

Soma kwa bidii, na ule. Mama yako anasema kwenye picha umekonda.

Mjomba wako


Maabara ya elektroniki
27 Februari

Mjomba,

Nina tatizo, na sijui nianzie wapi.

Nimesoma kadi. Siku mbili za kwanza kila kitu safi, kengele zote kumi na moja kwa sekunde yake. Kuanzia siku ya tatu saa imepata ugonjwa. Kila ikikaribia saa nne na nusu, mwisho wa mapumziko, inarudi nyuma. Siku nyingine dakika mbili, siku nyingine nne. Halafu, hili ndilo linaloniumiza kichwa, kabla ya saa sita inajirekebisha yenyewe, na shule inafungwa kwa wakati wake. Nimejua kwa sababu ndani kuna hesabu nyingine ya sekunde inayotembea peke yake, na hizo mbili hazikubaliani. Sijawahi kuona saa inayoumwa asubuhi na kupona mchana. Wenzangu wanasema nina jini kisandukuni.

Lakini nimegundua kitu. Mashine inarekodi pia joto la hewa. Nimeyaweka pamoja, na angalia: siku ya jua kali, saa imepoteza dakika nne. Siku ya mawingu, mbili. Siku ya mvua, sifuri! Ni joto, Mjomba! Ndani ya saa kuna kijiwe kidogo kinachohesabu muda kwa kutetemeka, na vitabu vinasema joto hukivuruga. Vitabu vinasema kidogo sana, kweli, lakini labda changu ni kibovu. Nakutumia kingine, nimeshakilehemu kwenye kibao chake, wewe utabadilisha kibao tu. Tafadhali kihamishe kisanduku mahali penye kivuli.

Na niambie ukweli: hakuna mtu anayekigusa?

Bisibisi


Stoo ya shule
4 Machi

Bisibisi,

Hakuna mtu.

Kibao nimebadilisha. Kisanduku nimekihamishia chini ya paa la stoo upande wa kaskazini, na juu yake nimekivisha kikapu kama kofia ili jua lisikione kabisa. Kinapendeza. Mwalimu mkuu kauliza kwa nini mashine ina kofia, nikamjibu kwamba ni utafiti, akaondoka ameridhika.

Joto ni kitu kibaya sana, hata mimi huwa linanisumbua. Nadhani hiyo ndiyo sababu, na wala usijilaumu. Wewe ni fundi hodari. Kengele inalia vizuri, na watoto hawana malalamiko yoyote. Kwa kweli watoto wana raha.

Mjomba wako


Maabara ya elektroniki
11 Machi

Mjomba,

Kadi imefika. Kibao kipya, kivuli, kofia, na saa imepoteza dakika tano. Tano! Ilikuwa ile wiki ya jua kali. Nimeandika ripoti ya kurasa kumi na nne kuhusu joto, na mhadhiri wetu kaisoma yote mbele yangu, kavua miwani, kasema, "Binti, kijiwe hakiwezi kupoteza dakika tano kwa jua. Kwa hilo jua, shule nzima ingekuwa imeungua. Na kikiharibika kwa joto, kinaponaje saa sita mchana, jua likiwa utosini? Ushahidi uko wapi?" Kanipa mpaka mwisho wa siku zile thelathini niseme saa ina nini, la sivyo kazi yangu haihesabiki.

Kuna jambo sikukwambia, na mama pia hajui. Somo hili nalirudia. Mwaka jana nililifeli, mashine yangu ilizimika siku ya sita. Kanuni ya hapa ni kwamba somo la lazima ukilifeli mara mbili unaondolewa. Si somo tu, ni chuo. Nilisema ni somo la kawaida kwa sababu niliona haya. Wewe ndiye uliyemshawishi mama aniache nije huku, ukamwambia nina mikono ya kazi hii. Nikirudi nyumbani nitamtazama kwa macho gani?

Maji yamenifika shingoni, Mjomba. Mchana nakaa na kisanduku cha akiba nilichobaki nacho, pacha wa hicho chako, nakipasha joto kwa mashine ya kukaushia nywele, na saa yake haipotezi hata sekunde. Hapa ni nzima, huko inaumwa. Sielewi.

Usimwambie mama, tafadhali.

Bisibisi


Stoo ya shule
14 Machi

Kwa Mhadhiri wa Somo la Mifumo Iliyopachikwa

KUHUSU: SAA YA KENGELE NA MTU ANAYEIVURUGA

Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni mtunza stoo na mpiga kengele wa shule ya msingi iliyofungiwa mashine na mwanafunzi wako. Ni mjomba wake pia, kwa hiyo sifa nitakazompa unaweza kuzipunguza robo. Makosa yangu usiyapunguze.

Saa ile haina ugonjwa wowote. Mimi ndiye ninayeirudisha nyuma.

Shule yetu ina bomba moja la maji ya kunywa. Darasa la kwanza wako sitini na wawili, na ndio wanaofika bombani mwisho, kwa sababu darasa lao liko upande wa pili wa uwanja na miguu yao ni mifupi. Kwenye karatasi mapumziko ni dakika ishirini. Kwa dakika ishirini, kumi au kumi na watano kati yao wanarudi ndani hawajanywa. Mwaka wangu wa kwanza kazini niliwaona wakirudi wanalamba midomo. Kesho yake nikachelewesha nyundo mpaka wa mwisho akanywa. Sikumwuliza mtu. Tangu hapo, miaka ishirini na tisa, sijawahi kupiga kengele ile kabla ya mtoto wa mwisho kufuta mdomo. Jua likiwa kali wanakunywa sana, inachukua dakika nne au tano. Kukiwa na mawingu mbili zinatosha, siku nyingi ni tatu. Mvua ikinyesha hakuna anayekumbuka maji, napiga kwa wakati. Hilo ndilo joto alilolipima mpwa wangu.

Dakika hizo nazikata kabla ya chakula cha mchana ili shule isichelewe kufungwa. Nazikata kwenye kipindi cha mwisho cha asubuhi, ambacho darasa la saba wana hesabu. Mwalimu wa hesabu analalamika mwaka wa kumi na moja sasa kwamba kipindi chake ni kifupi. Wote tulimwambia afundishe haraka. Mimi pia nilimwambia.

Mashine ilipokuja niliiacha siku mbili ifanye ilivyofundishwa. Siku ya kwanza watoto kumi na mmoja hawakunywa. Siku ya pili kumi na wanne. Siku ya tatu, hata kabla jibu lake kuhusu vitufe halijafika, nikavijaribu mwenyewe, nikaona cha kushoto kinairudisha saa nyuma, nikakibonyeza.

Aliniuliza kwa maandishi kama kuna mtu anayekigusa kisanduku, nami nikamjibu kwa maandishi kwamba hakuna. Ulikuwa uongo mtupu, na nilikivisha kisanduku kofia ili kuupamba. Nilidhani nikisema ataambiwa mashine yake haifai, na mwalimu mkuu ataniuliza nimekuwa nikichezea ratiba yake tangu lini. Sikujua kwamba nilikuwa namfukuzisha chuo kwa kidole changu mwenyewe. Nimejua juzi, na leo nakuandikia.

Kama kuna adhabu, naomba iandikwe kwa jina langu.

Mpiga kengele


Idara ya Uhandisi
18 Machi

Ndugu Mpiga Kengele,

Barua yako nimeisoma mara tatu, na mara ya tatu ilikuwa kwa raha tu.

Nimeilinganisha na kadi zote. Siku za mvua, sifuri. Siku ya jua kali kuliko zote, dakika tano. Siku mbili za kwanza, hakuna kitu. Kila ulichosema kimo. Nafundisha somo hili mwaka wa kumi na sita na sijawahi kuletewa ushahidi uliokaa sawa namna hii, tena kutoka kwa mshtakiwa.

Mpwa wako nimemwita na kumwonyesha. Kosa lake halifuti lako, wala lako halifuti lake. Alirekodi joto, akarekodi umeme, akarekodi kila mzunguko wa mota. Vitufe hakuvirekodi, kwa sababu hakuwaza kwamba kuna mtu atakayevibonyeza. Kabla ya kuanza kazi hakuja kusimama hapo shuleni siku moja akuone unavyofanya. Alichukua ratiba ya kwenye karatasi akaamini ndiyo kazi yako. Nimemkata alama kwa hilo, na zimemuuma.

Hata hivyo mashine haijazimika hata mara moja, kwa hiyo sitamfelisha kwa kadi hizi. Nimempa wiki tatu. Nimemwambia kwamba ametengeneza mashine inayofanya kazi iliyo kwenye karatasi, sasa atengeneze inayofanya kazi unayoifanya wewe. Akishindwa, kanuni ya chuo iko palepale, nami siwezi kuikunja kwa ajili ya mtu.

Nawe usibonyeze tena kitu bila kumwandikia.

Mhadhiri


Bweni, chumba namba 14
20 Machi

Mjomba wewe!

Mhadhiri aliponisomea barua yako nilicheka, nikalia, nikacheka tena, mpaka katibu wake akaniletea maji akidhani nina homa. Halafu nikakumbuka nimekasirika. Vibao viwili nimelehemu! Mashine ya nywele ya watu nimeiunguza! Kurasa kumi na nne nimeandika kuhusu joto, Mjomba. Kurasa kumi na nne kuhusu kiu ya darasa la kwanza! Na wewe huko unanipaka mafuta kwa mgongo wa chupa, eti joto hata wewe linakusumbua.

Nimekusamehe. Kwanza kwa sababu nami nilikuficha langu. Pili kwa sababu nimekaa nikawaza hao watoto wanaolamba midomo, nikaona kama ningekuwa wewe ningebonyeza siku ya kwanza.

Sasa sikiliza. Nilitaka nikuwekee wewe kitufe kikubwa cha kusubirisha kengele. Mhadhiri akauliza, "Na siku mjomba akiugua?" Nilitembea mpaka geti na kurudi, nikawa najiuliza ni nani mwingine pale bombani anayejua kwamba mtoto wa mwisho amekunywa. Basi, si ni huyo mtoto mwenyewe!

Kwa hiyo nakutumia kitufe chekundu, kipana kama kisahani, pamoja na waya wa mita ishirini. Kifunge kwenye nguzo ya bomba, kwa kimo cha mtoto wa darasa la kwanza, si kwa kimo chako. Wa mwisho kunywa ndiye atakayekibonyeza, na kengele italia. Muda ukifika na hakuna aliyebonyeza, mashine itasubiri, lakini si zaidi ya dakika tano. Dakika zilizotumika itazikata kidogo kidogo kwenye vipindi vyote vilivyobaki, si kwa mwalimu wa hesabu peke yake. Na kila kitufe kinachobonyezwa sasa kinarekodiwa. Kila kitufe, Mjomba!

Ila kuna jambo moja siwezi kukufanyia. Fomu mpya inahitaji saini ya mwalimu mkuu, kwamba anajua mashine inafanya nini na amekubali. Asiposaini sina kazi ya kuwasilisha. Inabidi umwambie yote. Najua unavyomwogopa. Nisamehe.

Bisibisi wako


Stoo ya shule
31 Machi

Bisibisi,

Nimesema.

Nilingoja kikao cha walimu cha Jumatatu, maana niliona bora nife mara moja mbele ya wote kuliko kufa kidogo kidogo. Nilisimama, nikaeleza kila kitu, bomba, nyundo, kitufe, mpaka dakika za hesabu. Mwalimu mkuu kaniangalia. Mimi nikaangalia viatu vyangu.

Wa kwanza kusogea alikuwa mwalimu wa hesabu. Kainuka polepole, kaja mpaka nilipo, nikajua leo nitaona cha mtema kuni. Kanishika mabega yote mawili. "Miaka kumi na moja!" akasema. "Miaka kumi na moja nikidhani ni mimi ndiye mzito! Nimenunua saa tatu, zote nikadhani mbovu! Mke wangu ananiambia nitafute daktari!" Halafu akacheka, Bisibisi, akacheka mpaka akafuta machozi kwa kifutio cha ubao, uso ukawa mweupe wote. Kila mtu akaangua kicheko isipokuwa mwalimu mkuu.

Ilipofika mapumziko mwalimu mkuu alitoka na saa yake mkononi, akaenda kusimama karibu na bomba, juani, bila kofia. Akahesabu. Dakika ishirini zilipotimia kulikuwa na watoto tisa kwenye mstari. Akawatazama. Alirudi ofisini, akaniita, akaniambia, "Ungeniambia mimi mwaka ule nilipofika." Nikamjibu ukweli, kwamba niliogopa angekataa. Akawaza kidogo, akasema, "Ningekataa." Kisha akasaini. Fomu iko humu ndani ya bahasha.

Kitufe nimekifunga. Siku ya kwanza ilikuwa vurugu tupu. Habari zilienea kwamba wa mwisho ndiye anayepiga kengele, basi hakuna aliyetaka kunywa. Kila mmoja anamsukuma mwenzake mbele, "Tangulia wewe!", "Aa, tangulia wewe!", watoto wenye adabu hivyo sijawahi kuwaona. Dakika tano zikapita, mashine ikalia yenyewe, na nusu ya darasa wakaingia ndani midomo mikavu. Nilitaka kuwaonea huruma lakini nilishindwa kwa kucheka. Siku ya pili walijifunza wachache. Siku ya tatu jua liliwaka, kiu ikawatia akili, na mstari ukaenda. Wa mwisho alikuwa mtoto mmoja mdogo, akabonyeza kwa viganja vyote viwili, kengele ikalia, akaruka kama kapigwa na umeme, halafu akakimbilia darasani akipiga kelele, "Mimi! Mimi!"

Nami sikugusa kitu. Safari hii ni kweli, na kadi itanishuhudia.

Mjomba wako


Bweni, chumba namba 14
9 Aprili

Mjomba,

Jana nimewasilisha. Roho yangu bado iko juu, sijui kama niko salama au la.

Walikuwa watatu mezani. Wawili walinipenda tangu mwanzo, mmoja alicheka habari za "tangulia wewe" mpaka akaangusha kalamu. Mhadhiri wetu hakucheka. Aliuliza mashine inajuaje kwamba mtoto wa mwisho amekunywa. Nikasema haijui, inamngoja amwambie. Akauliza kama mtoto akibonyeza mapema kwa utundu. Nikamwonyesha kwenye kadi kwamba kabla ya dakika ishirini kutimia kitufe hakifanyi kazi, na kwamba walijaribu mara arobaini na moja siku ya pili. Akaandika. Akauliza mengine saba, yote niliyajibu, hata lile la umeme ukikatika.

Halafu akafunga faili. Akasema, "Nimesikia. Sijaona." Akachukua mkoba wake akaondoka. Wale wawili wakatazamana, wakaniambia nisubiri. Sijui maana yake ni nini. Alama ya mwisho iko mikononi mwake, na matokeo yanabandikwa wiki ijayo. Nimefungasha nusu ya nguo zangu na nusu nimeziacha kabatini, sijui nifuate ipi.

Niombee.

Bisibisi


Stoo ya shule
14 Aprili

Bisibisi mwanangu,

Toa hizo nguo sandukuni kwanza, halafu ndipo usome.

Leo asubuhi, wakati wa mapumziko, mama mmoja mwenye miwani kaingia getini na mkoba wake. Nikadhani ni mzazi. Kasema ametoka mbali na ana kiu, kama anaweza kupata maji. Nikamwonyesha bomba. Akaenda moja kwa moja kwenye koki, na hapo darasa la kwanza wakamvaa. "Mama, kuna mstari!" Wote kwa pamoja, vidole vimenyooshwa nyuma. Nikataka kuwakemea, yeye akaniinulia mkono. Akaenda mwisho wa mstari, akasimama nyuma ya kitoto kinachomfika mkandani, akatulia juani akiangalia saa yake.

Dakika ishirini zikatimia. Kengele haikulia. Nikaona anatazama rimu, anatazama saa, anatazama rimu. Mstari ukasogea. Walikuwa wamebaki saba, wanne, wawili. Kikanywa kile kitoto cha mbele yake, kikapisha. Akainama akanywa kwa viganja, maji yakamwagikia mkoba na sketi. Akafuta mdomo, akaanza kuondoka. Watoto wote waliokuwa wamengoja kutazama wakapiga ukelele, "Hujabonyeza! Wewe ndiye wa mwisho!"

Bisibisi, nilikuwa nimesimama mlangoni pa stoo nikaona yule mama anageuka, anaangalia kitufe, anapiga goti moja kwenye tope kwa sababu umekiweka chini kweli kweli, na anakibonyeza. Kengele ikalia. Watoto wakamshangilia wakakimbia. Yeye alibaki palepale na goti lake kwenye tope, anacheka peke yake kama msichana.

Ndipo akaja kwangu akajitambulisha. Nilitaka kuingia chini ya ardhi. Akaniomba kitu cha kuandikia juu yake, nikampa boksi la chaki. Akatoa fomu yako, akaijaza amesimama, sketi inachuruzika. Kaniambia ataibandika chuoni Ijumaa, lakini kwamba mimi ninaruhusiwa kuandika barua, kwa kuwa siku hizi naandika ukweli.

Umefaulu. Alama zako ni themanini na moja, na amesema zingekuwa tisini kama ungekuja kunitazama siku moja kabla ya kuanza. Kwenye ile nafasi ya chini, wanapouliza kama mashine inafanya kazi iliyokusudiwa, ameandika kwa mkono wake, nimenakili neno kwa neno: "Ndiyo. Nilikuwa wa mwisho kwenye mstari, na kengele ilinisubiri."

Mjomba wako